Tulivyokwenda Kuipima Nyumba ya Bwana Kiko

Tangu turudi, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: chuoni, kanisani, kwenye simu. Nimekuwa nikijibu, "Tulifika, tukarudi salama," halafu nageuza mazungumzo. Najua mmeona kwamba nakwepa. Basi naandika mara moja kwa wote, maana sina nguvu ya kulisimulia jambo hili mara kumi.

Maganzo

Kwa asiyemjua baba yangu: alikuwa fundi mwashi maisha yake yote, na uashi ninaoufundisha chuoni nimeurithi kwake. Mwaka wa sita huu haoni kabisa. Anaishi Maganzo kwa dada yangu Minza, na siku nzima hukaa barazani akisikiliza madalali wa almasi wakibishana ng'ambo ya barabara.

Miaka michache kabla ya Uhuru, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, Baba alichukuliwa kwenda kujenga nyumba ya Mwingereza mmoja aliyekuwa akitafuta dhahabu huko mbele ya Buseresere. Wafanyakazi walimwita Bwana Kiko, kwa kuwa kiko hakikumtoka mdomoni. Alitaka nyumba kama ya babu yake huko kwao Uingereza, na mfano waliopewa mafundi ulikuwa picha moja tu iliyochakaa pembe. Walichimba udongo wa bonde, wakafyatua matofali, wakajenga matanuri, wakachoma. Kisha wakainua nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuiona mfano wake: paa la vigae lililochongoka, dirisha kubwa la sebule lililotokeza nje kama tumbo, mabomba mawili ya moshi marefu kuliko miti, na sebuleni meko ya kuotea moto, katika nchi ambayo watu hutafuta kivuli.

"Aliwasha mara moja tu," Baba hupenda kusema. "Tukatoka jasho wote, na yeye mwenyewe akatoka nje."

Lakini sifa ya nyumba ile ilikuwa kuta. Safu moja matofali yamelazwa kwa urefu, safu ya juu yake yameelekeza vichwa nje, hivyo hivyo hadi juu, unene wa tofali moja na nusu. Yale yaliyokaa karibu sana na moto yakaiva hadi yakawa meusi na kung'aa kama kioo hayakutupwa. Yalipangwa katikati ya mekundu yakachora almasi ukutani, moja juu ya nyingine.

Kwa miezi minne, kila Jumamosi, nilikwenda Maganzo na karatasi kubwa. Yeye akahesabu hatua kichwani, mimi nikachora. Ilipokamilika nikamsomea vipimo, akasema, "Kabula, nipeleke nikaishike. Kuona sioni, lakini kushika nitashika."

Nilitaka pia. Nilitaka kuipima kwa futi, niilinganishe na mchoro, niwaonyeshe wanafunzi wangu kwamba kazi ya namna ile ilifanywa hapa hapa kwetu, kwa udongo wetu na kwa mikono ya watu wetu. Dada Minza alikuwa peke yake aliyekataa. "Mzee wa miaka themanini na zaidi unampeleka kushika ukuta?" aliniuliza. Akatufungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, na hakutuaga mlangoni.

Shinyanga hadi Kahama

Basi letu liliondoka Shinyanga saa mbili baada ya wakati wake. Baba hakujali. Alivaa koti lake la harusi za watu, akauliza kila tulipofika, "Hapa wapi?" Nikamjibu, naye akanieleza nani alimjengea nini katika mji huo, na kama alimlisha vizuri.

Tinde tulisimama. Mama mmoja aliyeuza karanga dirishani alimwona, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Baba akamjibu, kisha akamwomba mkono. Yule mama akampa. Baba akaupapasa, akasema, "Wewe umelima sana." Abiria wakacheka, na mama yule naye akacheka, akamwongezea karanga. Nawaambia hili ili mjue alivyokuwa siku ile. Sijamwona vile tena.

Ushirombo

Ushirombo ndipo mambo yalipoharibika, na wakati ule mimi niliona ndipo yanapoenda vizuri.

Tulifika mchana. Gari dogo la kwenda Katoro halikuwepo, kwa sababu mvua ya siku iliyotangulia ilikuwa imekata njia kwenye daraja moja. Dereva akasema labda jioni, baadaye akasema labda kesho. Tukakaa kwenye mgahawa karibu na stendi. Walituletea ugali na nsansa, yaani majani ya kunde makavu yaliyopikwa kwa karanga, na Baba alikula hadi akaramba vidole.

Kwenye meza ya jirani alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, amevaa shati safi la mikono mirefu. Alimwamkia Baba vizuri sana. "Shikamoo, mzee wangu." Alijitambulisha kwa jina la Deo, akasema anauza vifaa vya wachimbaji, nyundo, kamba na taa za kichwani. Naye alikuwa akisubiri gari lile lile. Akaagiza chai kwa ajili yetu sote.

"Mnakwenda wapi na mzee?"

"Kwenye nyumba niliyoijenga," Baba akajibu kabla yangu. "Ya Mzungu. Mbele ya Buseresere huko."

"Ile ya Matofalini? Naisikia. Kumbe umejenga wewe!"

Ndugu zangu, Baba alikuwa amekaa miaka sita barazani bila mtu wa kumwuliza neno kuhusu kazi yake. Alifunguka kama mfereji. Alieleza matanuri, alieleza tao la mlango, jinsi walivyosugua kila tofali kwenye jiwe mpaka likawa na umbo la kabari ili lishikane na mwenzake. Deo aliuliza maswali mazuri. Nami, mwalimu, nikapata mwanafunzi. Nikasogeza vikombe, nikaikunjua karatasi mezani.

"Hii ndiyo ramani yake," nikasema.

Nilisema ramani kama sisi wajenzi tunavyosema, yaani mchoro wa vyumba. Nilimwonyesha kwa kalamu: hapa sebule, hapa meko, hapa bomba la moshi linapanda, ukuta huu mnene kuliko mwingine. Watu wawili watatu wakasogea kutazama. Sikuona ubaya wowote.

Hapo Baba akacheka peke yake, akasema, "Na chini ya meko ya sebule, kabla hatujafunga sakafu, niliweka kitu changu. Hata Bwana Kiko hakujua. Kipo hadi leo."

"Kitu gani, mzee?" Deo akauliza.

"Hicho ni changu mwenyewe," Baba akasema, anatabasamu kama aliyemficha mtoto peremende.

Deo akaomba kuipiga picha karatasi yangu kwa simu, akisema amependa kazi. Nikaishika pembe zote nne ili isijikunje. Baadaye akatoka nje kupokea simu, na hakurudi kumalizia chai yake. Nilisikia baadaye kwamba alipata pikipiki iliyopita njia ya shambani. Nilimsikitikia, nikadhani amepatwa na dharura.

Tulilala Ushirombo. Asubuhi njia haijafunguka. Tulikaa hapo hapo siku mbili zaidi, hadi siku ya nne ya safari.

Katoro na Buseresere

Gari lilipoondoka hatimaye, Baba tumbo lilikuwa limemchafuka, na tulisimama mara tatu. Dereva alivumilia. Abiria mmoja, fundi cherehani anayerudi Katoro, alishuka kila mara kumshika Baba mkono wa pili, na alipofika kwake alikataa kutuacha hadi tumekunywa uji. Nyumbani kwake mkewe alimwita Baba "baba mkwe" kwa utani, na Baba akamjibu kwa utani, lakini sauti yake ilikuwa imechoka.

Buseresere tulichukua bajaji. Dereva wake alikuwa kijana anayeitwa Metodi, mwenye kusema haraka. Baba aliomba kwenda msalani kwanza, mhudumu wa kituo cha mafuta akampeleka kabla Metodi hajamwangalia vizuri. Nikabaki na Metodi.

"Matofalini?" akasema. "Mama, na ninyi mnaiwahi rashi?"

"Rashi gani?"

"Hujui? Tangu juzi watu wamejaa kule. Wamepata habari ya mali ya mkoloni. Kuna kipofu mmoja alikuwa fundi wa Mzungu, anatembea na ramani, na amesema mwenyewe kwamba chini ya jiko kimewekwa kitu. Mimi nimeshapeleka abiria safari kumi na tano."

Nilikaa kwenye ngazi ya duka lililokuwa nyuma yangu. Nakumbuka niliangalia viatu vyangu. Nilijua palepale kila kitu, kuanzia ile meza hadi ile simu.

Ningeweza kumrudisha Baba. Ningeweza kumwambia kwamba daraja lingine limekatika, naye angeniamini, kwa kuwa hana namna ya kutoniamini. Nimekesha usiku mwingi nikijiuliza kwa nini sikufanya hivyo. Nadhani nilitumaini wamekosea nyumba. Au nilitumaini kuna kitakachokuwa kimebaki, angalau ukuta mmoja, aushike, turudi.

Baba akarudi ameshikwa mkono, amenawa uso. "Tumekaribia, eh?" akasema. "Nasikia hewa ya bonde."

Matofalini

Sauti ilianza kusikika kabla hatujafika: nyundo, sururu, watu wakiitana. Baba akainua kichwa.

"Kuna ujenzi?"

Nilimwambia Metodi apunguze mwendo.

Nyumba ilikuwa juu ya mwinuko mdogo, na kutoka mbali nilitambua mahali ilipokuwa kwa sababu ya wekundu wa vumbi. Paa halikuwepo. Watu wa hapo waliniambia vigae viling'oka miaka mingi iliyopita, lakini kuta zilikuwa zimesimama zote hadi juzi. Sasa sebule ilikuwa shimo. Palipokuwa na meko pamekuwa duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo la mgodi, na wanaume wamesimama ukingoni wakivuta ndoo kwa kamba. Bomba la moshi lilikuwa limelala chini urefu wake wote, limevunjika vipande vipande kama muwa. Matofali mengine yalikuwa tayari yamepangwa mafungu kando ya njia, na lori linapakia. Dirisha la sebule, lile lenye tumbo, nililitambua kwa kizingiti chake tu.

Ukuta mmoja wa mwisho ulikuwa bado umesimama, upande wa kaskazini, unapanda pembetatu hadi palipokuwa na paa. Almasi zake nyeusi zilionekana zote. Nilizihesabu, zilikuwa saba, kama Baba alivyonitajia.

Chini ya mti wa mkaratusi alikaa mama mzee na magunia, masufuria, kitanda kilichofunguliwa, na mbuzi wanne. Nilimwamkia. Aliitwa Mama Tabu. Baba mkwe wake alikuwa mpishi wa Bwana Kiko, na Mzungu alipoondoka aliwaachia upande wa jikoni wakae. Mama Tabu aliolewa akaingia humo, akazalia humo, akafiwa na mumewe humo.

"Walikuja alfajiri ya juzi," akasema. "Nikawaambia, wanangu, ngojeni nitoe vyombo. Walinisaidia kutoa. Hawakunitukana. Walinisaidia kutoa vyombo, halafu wakabomoa."

Akanitazama. Akatazama mrija wa plastiki niliobebea karatasi mgongoni.

"Ni wewe mwenye ramani?"

"Ni mchoro wa nyumba tu, mama. Ni vipimo. Hakuna mali."

"Najua hakuna mali," akasema. "Nimefagia meko yale miaka arobaini."

Baba alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu, anashikilia bajaji. Alisikia yote. Sikuwa nimemwambia neno. Akauliza taratibu, "Mama, walisema nani kawapa habari?"

"Walisema fundi mwenyewe."

Baba akavua kofia. Alisimama na kofia mkononi, jua linampiga utosini. Mama Tabu akainuka, akasogeza kigoda chake, akamkalisha, akampa maji kwenye kikombe cha bati. Kisha akanivuta kando.

"Nimempa kiti kwa sababu ya umri wake," akaniambia. "Wewe, mwenye ramani, sina cha kukupa."

Nilisema samahani. Neno lilitoka dogo sana. Aligeuka akaenda kwa mbuzi wake.

Kutoka kwenye shimo watu walikuwa wametutambua. Mmoja alipaza sauti, "Kipofu amefika!" Wakaanza kuacha kazi, wakaja. Nilimtafuta Deo kati yao. Sikumwona, wala sijui ningemfanya nini.

"Mzee, shikamoo! Tuonyeshe tu, fungu lako utapata!"

"Chini ya jiko upande gani, mzee?"

Baba akasimama. Alikuwa na sauti nzito ujanani, na sehemu yake ilirudi.

"Nisikilizeni. Nilichoweka ni kiganja changu. Tofali lilipokuwa bichi nilibonyeza mkono wangu, likachomwa, nikalilaza chini ya meko mkono ukitazama juu. Basi. Nilikuwa kijana, nilitaka kitu changu kiwemo. Hakuna dhahabu."

Halafu mmoja akacheka, wakacheka wengi. "Mzee anaficha!" Hawakuwa wabaya wa sura. Walikuwa watu walioacha wake zao mikoa ya mbali, wamechimba siku mbili bila kulala vizuri, na hawangeweza kukubali kwamba walichimbia alama ya mkono.

Baba akaniambia, "Kabula, kuna ukuta wowote umesimama?"

"Wa kaskazini."

"Nipeleke."

Nikampeleka tukipita juu ya vipande. Akaweka mikono yote miwili ukutani. Kwanza akapapasa viungio, akakuna chokaa kwa ukucha, akanusa. Kisha vidole vikaanza kutembea. Tofali la kawaida lina ukavu wa udongo, lakini lile jeusi lililoiva sana ni laini kama sahani, na kwa hiyo aliweza kuzifuata almasi bila macho, mstari ukipanda kulia, ukikutana na wenzake, ukishuka. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Uso wake ulilegea, nikadhani kwa kitambo kile kwamba safari haikuwa bure.

Alifika katikati ya almasi ya tatu, mkono wake ukasimama. "Hapa," akasema kwa sauti ya chini, akiniambia mimi. "Hapa ndipo marehemu Ngasa alipoanguka jukwaani, tukacheka mpaka tukalia."

Nyuma yetu nikasikia mnong'ono: "Hapo. Amesimama hapo."

Niligeuka. Watu kama thelathini walikuwa wamesogea kimya, wote macho kwenye mkono wa baba yangu. Mmoja alikuwa ameshaokota jiwe la chokaa na kuweka alama. Nikaona kwamba alama nyingine zilikuwepo tayari, mbili, tatu, kila mahali alipokuwa amesita.

"Baba, toa mkono," nikasema.

"Kwa nini?"

"Toa tu, Baba. Wanakufuata."

Alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Aliondoa mikono ukutani kama mtu aliyeungua, akaiingiza ndani ya koti. Tukarudi kwenye bajaji. Hatukuwa tumefika nusu ya njia nyundo ya kwanza ilipopiga ukuta. Tofali lililofungwa kwa chokaa lina mlio wake likipigwa, mlio wa juu, karibu na wa kengele. Fundi anaujua. Baba alisimama kila ulipolia, kisha akatembea, kisha akasimama.

Wakati Metodi anawasha bajaji, ukuta ulianguka. Ardhi ilitikisika, mbuzi wa Mama Tabu wakatawanyika, na vumbi likatufikia hadi kooni.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na kuchelewa hata mahali pamoja. Daraja lilikuwa limetengenezwa, magari yalikuwepo. Baba hakuuliza "Hapa wapi?" mji wowote. Michembe ya dada ilikuwa bado mkobani, tukaikuta imeota ukungu.

Baada ya Kahama alisema neno moja tu. "Yule mama atalala wapi?"

"Sijui, Baba."

"Hukumwuliza?"

"Sikumwuliza."

Akatingisha kichwa, akageukia dirisha, ingawa dirisha halina maana kwake.

Maganzo tulimkuta Minza mlangoni. Alimtazama Baba, akanitazama. Alimpokea koti na kulikung'uta vumbi jekundu lililojaa kwenye mishono. Vumbi halikutoka lote.

Wiki iliyopita Metodi alinipigia. Nilikuwa nimemwomba amtafute Mama Tabu. Alisema mama yule alichukuliwa na mtoto wa dada yake, hakuacha maelezo ni wapi, na mbuzi aliuza. Rashi imekwisha. Walichimba hadi maji yakajaa, hawakupata kitu, wakahamia kwingine. Matofali mazima yamebebwa, mengine yamejengea msingi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Kuhusu tofali lenye kiganja hakuna aliyeliona, au aliyeliona alilivunja aone kama lina kitu ndani.

Sijamweleza Baba habari hizi, naye hajauliza. Anakaa barazani kama zamani. Mkienda kumwona atafurahi, mpelekeeni tumbaku ya kunusa, mzungumze habari za mvua na bei ya pamba. Za nyumba msimwulize. Niulizeni mimi.